Maswali na Majibu ya Linux: Diski Iliyojaa, Kufuli la Vifurushi na Sauti Iliyopotea

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa aina mbili. Wapo waliohamia Linux hivi karibuni, baadhi yao wakiwa wameiacha Windows 10 ambayo Microsoft ilikoma kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na wapo waliokaa na Linux miaka mingi kwa amani mpaka siku moja sasisho likagoma. Nimezifupisha barua ndefu na kuyaondoa majina. Amri nilizozitaja ni za Debian, Ubuntu na Linux Mint, ambazo zote hutumia apt, chombo cha kusakinisha na kusasisha vifurushi, yaani programu zilizofungwa tayari kusakinishwa. Anayetumia Fedora atatumia dnf mahali pa apt, ingawa namna ya kulitafuta tatizo ni ileile.

NAFASI IPO, LAKINI NAAMBIWA HAIPO

Swali: Ndugu mjibu maswali, kompyuta yangu ina diski ya GB 500 na sijafikisha nusu yake, lakini kila nikisasisha Ubuntu naambiwa "No space left on device". Nimefuta picha, nimefuta video, nimeondoa hata michezo ya mwanangu, na ujumbe haujabadilika. Wakati wa kusakinisha nilichagua diski nzima isimbwe kwa nenosiri. Je, diski imeharibika?

Jibu: Diski yako ni nzima, na mwanao anastahili kurudishiwa michezo yake. Sentensi yako kuhusu kusimba diski ndiyo yenye jibu, nami nakushukuru kwa kuiandika, maana wengi huiacha wakidhani haihusiki.

Diski inaposimbwa, bado lazima ibaki sehemu ndogo isiyosimbwa, kwa sababu kompyuta inahitaji kukisoma kiini cha Linux (kernel), yaani programu ya msingi inayoendesha mfumo wote, kabla hujapata nafasi ya kuandika nenosiri lako. Sehemu hiyo huitwa /boot, na kisakinishi huipa nafasi finyu sana ikilinganishwa na diski yote. Kila kiini kipya kinapoletwa na masasisho, huweka humo faili lake pamoja na faili jingine kubwa zaidi la initrd, yaani mfumo mdogo wa muda unaosaidia kuwasha kompyuta, na viini vitatu au vinne vya zamani vikirundikana, /boot hujaa huku sehemu nyingine ya diski ikiwa tupu. Ujumbe ulikuambia ukweli, ila haukutaja chumba kilichojaa.

Andika df -h /boot uone asilimia iliyotumika, kisha uname -r ili ujue ni kiini kipi kinachofanya kazi sasa hivi. Hicho usikiguse. Jaribu kwanza sudo apt autoremove --purge, ambayo huondoa viini vya zamani na kukuachia kinachotumika pamoja na cha akiba. Mara nyingi kazi huishia hapo. Mara nyingine apt yenyewe hukataa kuondoa chochote kwa madai kwamba kuna usakinishaji ambao haujakamilika, nao usakinishaji huo haukamiliki kwa sababu nafasi hakuna, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kuanza kufuta mafaili ya /boot kwa mkono. Usifanye hivyo. Ukifuta faili kwa rm, daftari la vifurushi litaendelea kuamini kwamba kiini kile bado kipo, na sasisho lijalo litakwama mahali papya. Badala yake, orodhesha viini kwa dpkg -l 'linux-image-*', tazama mistari inayoanza na herufi ii, chagua kimoja kilicho kikongwe kuliko vyote, na ukiondoe kwa sudo dpkg --purge ikifuatwa na jina kamili la kifurushi hicho. Amri ya dpkg haijali shughuli za vifurushi vingine vilivyokwama kama apt inavyojali, ndiyo maana hupenya. Ikilalamika kwamba kuna kifurushi kingine kinachokitegemea kiini hicho, itakitaja kwa jina. Viondoe vyote viwili kwa pamoja. Nafasi ikipatikana, maliza kwa sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt --fix-broken install.

Jambo moja zaidi, na hili ni muhimu kuliko yote niliyokwisha kuyasema: usiizime kompyuta wala kuiwasha upya kabla amri hizo mbili za mwisho hazijamalizika bila kosa. Kiini kipya ambacho initrd yake haikuandikwa hadi mwisho hakitaweza kuwasha mfumo, nacho ndicho kitakachochaguliwa cha kwanza. Ikiwa umekwisha kuiwasha upya na skrini imejaa maandishi ya "kernel panic", bado hujapoteza kitu. Wakati kompyuta inapoanza kuwaka, bonyeza Esc, au ushikilie Shift kwenye mashine za zamani, ili menyu ya GRUB, programu inayochagua kiini cha kuwasha, ijitokeze. Ingia kwenye "Advanced options" na uchague kiini kilichotangulia. Kinatunzwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

NENOSIRI NI SAHIHI, MLANGO HAUFUNGUKI

Swali: Naandika nenosiri, skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde moja, kisha narudishwa kwenye ukurasa uleule wa kuingilia. Nikiandika nenosiri la uongo naambiwa nimekosea, kwa hiyo la kweli linakubaliwa. Kuna aliyenishauri nisakinishe mfumo upya.

Jibu: Umefanya jaribio zuri kuliko unavyodhani. Kwa kulinganisha nenosiri la kweli na la uongo umethibitisha kwamba mfumo unakutambua, na kwamba linaloshindikana ni kuifungua meza yako ya kazi baada ya kutambuliwa. Kusakinisha upya kungeondoa tatizo pamoja na mali zako.

Ukiwa kwenye ukurasa huo, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Utaona skrini nyeusi yenye maandishi ikikuuliza jina na nenosiri. Ingia hapo, na usishangae kwamba nenosiri halionekani unapoliandika. Andika df -h. Sehemu yenye alama ya mkwaju pekee, au ile ya /home kama imetengwa, ikionesha asilimia 100, umepata sababu: meza ya kazi hulazimika kuandika mafaili madogo inapofunguka, na ikikosa pa kuyaandika hujifunga. Ili upate nafasi ya kupumulia, andika sudo apt clean, ambayo hufuta vifurushi vilivyopakuliwa na kwisha kutumika, kisha sudo journalctl --vacuum-size=200M, ambayo hupunguza kumbukumbu za mfumo. Kumbukumbu hizo zinaruhusiwa kufikia sehemu ya kumi ya diski, zisizidi GB 4, kwa hiyo huenda ukapata nafasi ya kutosha kwa amri hiyo moja. Tazama pia ukubwa wa faili lililofichwa la .xsession-errors kwenye folda yako, kwa maana programu moja mbovu inaweza kulijaza malalamiko usiku kucha.

Ikiwa nafasi ipo, andika ls -l ~/.Xauthority. Faili hilo linapaswa kuwa mali yako. Likionesha kwamba mmiliki ni root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, kuna siku uliendesha programu ya madirisha kwa kutumia sudo, nayo ikalichukua. Lirudishe kwa sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority, kisha uondoke kwa exit na urudi kwenye ukurasa wa kuingilia. Ili kuurudia, bonyeza Ctrl na Alt pamoja na F1 au F2, kutegemea usambazaji unaoutumia, yaani aina ya Linux kama Ubuntu au Debian.

NIFUTE FAILI LA KUFULI?

Swali: Kila nikitaka kusakinisha programu naambiwa "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. It is held by process 2417 (unattended-upgr)". Nimeona ushauri mahali pengi kwamba nilifute faili hilo la kufuli kwa sudo rm. Linafutika kweli?

Jibu: Linafutika, na ndiyo hatari yenyewe.

Ujumbe wako umekutajia hata aliyelishika kufuli: ni unattended-upgrades, mtumishi anayesakinisha masasisho ya usalama bila kukusumbua, na kwa kawaida huanza kazi muda mfupi baada ya kompyuta kuwashwa. Mpe dakika kumi, au nusu saa kama mashine ilikuwa imezimwa kwa wiki kadhaa. Ukitaka kuhakikisha kwamba hajalala, soma faili la /var/log/dpkg.log kwa amri ya tail -f uone mistari ikiongezeka.

Ushauri wa kufuta faili umeenea kwa sababu ya dhana moja isiyo sahihi, nayo ni kwamba kuwepo kwa faili ndiko kunakofunga mlango. Sivyo. Faili huwepo wakati wote, hata sasa hivi kwenye kompyuta isiyosasisha chochote. Kinachofunga ni dai ambalo mchakato huliweka juu ya faili hilo kwa kupitia kiini, na mchakato ukifa, hata kwa umeme kukatika, kiini huliondoa dai hilo papo hapo. Kwa hiyo hakuna hali ya kawaida ambamo kufuli hubaki bila mwenyewe. Unapolifuta faili, mchakato wa kwanza hubaki ukishikilia faili lisiloonekana tena, wa pili huunda faili jipya na kuingia ndani, na sasa wawili wanaandika katika daftari moja kwa wakati mmoja.

Naliandika hili kwa uchungu kidogo, kwa kuwa katika miaka yangu ya mwanzo nililifuta faili hilo kwa kufuata jibu ambalo tarehe yake sikuitazama, na jioni yote iliishia katika kurekebisha hifadhidata ya vifurushi. Kilichoniokoa ni nakala ambazo Debian huzitunza zenyewe kwenye /var/backups, zenye majina yanayoanza na dpkg.status. Anayesoma haya akiwa amekwisha kufanya kosa hilo aanzie hapo.

Ikiwa mchakato umekwama kweli, yaani saa nzima imepita na kumbukumbu haijasogea, uombe usimame kwa sudo kill na namba yake, bila kuongeza -9, kisha uandike sudo dpkg --configure -a.

SAA INAYORUKARUKA, NA DISKI INAYOKATAA KUANDIKWA

Swali: Nina Windows na Linux katika kompyuta moja. Nikitoka katika mfumo mmoja kwenda mwingine, saa inakosea kwa idadi ileile ya saa kila mara. Vilevile folda zangu za Windows nazisoma nikiwa Linux lakini siwezi kuhifadhi kitu ndani yake. Haya ni matatizo mawili au ni moja?

Jibu: Ni mawili, ingawa yote huletwa na mifumo miwili inayotumia chombo kimoja bila kuulizana.

Kompyuta ina saa ndogo inayoendelea kuhesabu hata ikiwa imezimwa. Linux huiweka saa hiyo kwenye wakati wa dunia, UTC, na kuongeza au kupunguza masaa ya eneo lako inapokuonesha. Windows huiweka moja kwa moja kwenye saa ya mahali ulipo. Ndiyo maana kosa lako halibadiliki: ni tofauti kati ya eneo lako na UTC. Njia ya haraka ni kuiambia Linux ifuate desturi ya mwenzake kwa timedatectl set-local-rtc 1, lakini mfumo wenyewe utakuonya kwamba mpangilio huo huleta utata, hasa katika nchi zinazobadilisha saa kwa misimu. Mimi hupendelea kuirekebisha Windows: kwenye rejista yake, katika HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation, unaongeza thamani ya aina ya DWORD iitwayo RealTimeIsUniversal na kuipa 1. Ikiwa saa inarudi nyuma miaka mingi badala ya masaa machache, acha yote haya na ubadilishe betri ndogo ya ubao mama.

Kuhusu folda, Windows tangu toleo la 8 ina tabia ya kutojizima kikamilifu: unapobonyeza kitufe cha kuzima, huihifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili iwake haraka kesho yake. Linux inapoikuta diski ikiwa katika hali hiyo huifungua kwa kusoma tu, na inafanya vyema, kwa sababu kuandika humo kungeweza kuharibu mafaili ambayo Windows inaamini hayajaguswa. Ukiwa Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike powercfg /h off, kisha uizime. Usitafute namna ya kuilazimisha Linux iandike.

WAIFAI HAIONEKANI KABISA

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimesakinisha Debian 11 kwenye kompyuta mpakato kwa kutumia flashi ya zamani niliyokuwa nayo. Waifai haionekani. Nimeandika sudo dmesg | grep -i firmware na kuona mistari inayosema iwlwifi imeshindwa kupakia faili lake.

Jibu: Marahaba. Kadi yako ni ya Intel na dreva yake ipo, kwani ndiyo iliyoandika malalamiko hayo. Kinachokosekana ni programu dhibiti, yaani faili ambalo dreva huliingiza ndani ya kadi kila inapowashwa. Mafaili hayo hayana chanzo huria, na kwa sababu hiyo Debian ilikuwa haiyaweki kwenye flashi zake rasmi za kusakinishia mpaka toleo la 12 la mwaka 2023, baada ya wanachama wake kupiga kura mwaka 2022 na kuamua yawekwe. Ningekushauri uanze upya na toleo jipya ilimradi hujaweka mali nyingi. Kama hutaki, unganisha simu yako kwa kebo ya USB na uishirikishe intaneti kwa njia hiyo, ambayo kwa kompyuta huonekana kama mtandao wa waya na haihitaji kadi ya waifai. Ongeza neno non-free mwishoni mwa mistari ya /etc/apt/sources.list, andika sudo apt update, sakinisha firmware-iwlwifi, kisha uwashe upya.

Wengine ambao waifai yao imepotea bila malalamiko ya namna hii waandike rfkill list kabla ya jambo lolote. Neno "Hard blocked: yes" humaanisha kwamba kuna swichi au kitufe kwenye kibodi kilichozima redio, na hakuna amri itakayokiwasha isipokuwa kidole.

NIMEULIZA, HAKUNA ALIYENIJIBU

Swali: Mimi ni mgeni kabisa. Niliomba msaada kwa watumiaji wenzangu kwa maneno haya: "Sauti haitoki kwenye Linux, nisaidieni haraka!" Siku tatu zimepita. Mmoja tu ndiye aliyejibu, naye aliniambia nikasome mwongozo. Hivi ndivyo wageni wanavyopokelewa?

Jibu: Aliyekuambia usome mwongozo bila kukuonesha ukurasa hakukusaidia, na angekaa kimya ningemheshimu zaidi. Lakini wale walionyamaza siwezi kuwalaumu. Wanaojibu hufanya hivyo kwa hiari, baada ya kazi zao, na swali lako haliwapi pa kushika. Kuna Linux nyingi. Kuna kompyuta yenye spika zake, kuna ya mezani isiyokuwa nazo, kuna vipokea sauti vya bluetooth. Na kuna sauti ambayo haijawahi kutoka na sauti iliyotoka jana ikakatika leo. Anayetaka kukujibu angelazimika kukuuliza maswali manane kwanza, na wengi huona ni heri wamjibu mtu mwingine.

Nenda tena, na mara hii taja usambazaji na toleo lake, ambavyo utavipata kwa cat /etc/os-release. Taja ulichokuwa ukifanya mara ya mwisho sauti iliposikika, na kilichobadilika tangu hapo, hata kama unakiona hakihusiki. Endesha inxi -Axxz ili upate maelezo ya vifaa vya sauti; herufi z huficha anwani na namba za utambulisho wa mashine yako, kwa hiyo usiiache. Yabandike maandishi yenyewe badala ya picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, kwa sababu picha haitafutiki wala hainukuliki. Ikumbukwe kwamba ndani ya terminali hunakili kwa Ctrl, Shift na C, kwa kuwa Ctrl na C pekee husimamisha kazi inayoendelea. Eleza pia uliyokwisha kuyajaribu, ukianza na yale unayoyaonea aibu. Ukipata jibu lenye amri usiyoielewa, hasa inayoanza na sudo au inayopakua kitu na kukiendesha hapo hapo, muulize mtoaji inafanya nini kabla hujaiandika. Mwenye nia njema hukueleza. Tatizo likiisha, rudi useme limeishaje, hata kama umelitatua mwenyewe, ili mwenye tatizo kama lako mwaka ujao asikute swali lisilo na mwisho.

Kwa kuwa usambazaji mwingi wa siku hizi hushughulikia sauti kwa PipeWire, nilimwandikia msomaji huyu aongeze pia matokeo ya wpctl status, orodha ambayo huweka kinyota mbele ya kifaa ambacho sauti inaelekezwa.

Kabla safu hii haijapelekwa kuchapishwa nimepokea barua yake ya pili. Ameandika kwamba alipokuwa akijaza sehemu ya "kilichobadilika" alikumbuka kuwa siku sauti ilipokatika ndiyo siku aliyochomeka skrini mpya kwa kebo ya HDMI, na kwamba kinyota kwenye orodha kilikuwa mbele ya skrini hiyo, ambayo haina spika. Aliandika wpctl set-default na namba ya spika za kompyuta yake, na sauti ikarudi. Swali hakulituma tena. Nimemwomba arudi kwenye lile la kwanza aongeze jibu.